Kamba Wekundu wa Naivasha

Wageni wengi wanaofika Ziwa Naivasha hutazama juu. Wanamtafuta furukombe kileleni mwa mgunga, wanaupiga picha Mlima Longonot, wanahesabu twiga kule Crescent Island. Yote hayo yanastahili kutazamwa. Ombi langu ni kwamba, kabla hujapanda boti, usimame kwanza ukingoni, mahali maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu, uiname. Ukingoja kwa subira utaona jiwe dogo jekundu likitembea.

Huyo ni kamba wa maji baridi. Ana magando mawili marefu yenye vipele, ndevu ndefu kuliko kichwa chake, na rangi ya damu iliyoganda. Ukimsogezea kidole hainui mguu kukimbia. Hukunja mkia kwa nguvu na kurudi nyuma kwa kasi, matope yanatimka, naye keshapotea. Mara nyingine hakimbii kabisa: anasimama, anainua magando yote mawili na kukukabili, yeye wa urefu wa kiganja na wewe mtu mzima. Ujasiri wake unanifurahisha kila ninapouona.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita kama 90. Anayepitia barabara ya chini, ya Mai Mahiu, hulipita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi koti si mzigo. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna mto unaoonekana kutoka humo. Mto Malewa unaingia, Gilgil unaingia, Karati nao unaingia mvua ikinyesha, na bado maji ni baridi, ya kunyweka na mifugo, ilhali majirani zake Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Sababu ni kwamba maji ya Naivasha hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Bila njia hiyo ya siri kamba wetu asingeweza kuishi hapa.

Wala hakuzaliwa hapa. Afrika bara haikuwa na kamba wa jamii hii hata mmoja. Wa asili wako Madagaska peke yake. Huyu wa Naivasha asili yake ni kusini mwa Marekani, kwenye vinamasi vya Louisiana, na alitiwa ziwani mwaka 1970 ili awe zao la uvuvi. Akapenda makao yake mapya. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 wavuvi walikuwa wakimvua kwa ajili ya biashara, mamia ya tani kwa mwaka, sehemu kubwa ikisafirishwa Ulaya. Watu walisomesha watoto kwa kamba.

Gharama ililipwa na ziwa. Kamba hula karibu kila kitu: majani, konokono, wadudu, mayai ya samaki, mizoga. Mimea iliyokuwa imetanda chini ya maji ilipungua hadi ikakaribia kutoweka, na mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa yakifunika ghuba zenye maji matulivu yakaenda nayo. Mimea ilipokwisha, kamba wenyewe wakakosa chakula na maficho, wakapungua. Mimea ikachipua tena, nao wakarudi. Ziwa limeishi kwa kupanda na kushuka huko kwa miongo. Nayasema haya kwa sababu sifa isiyotaja deni si sifa ya kweli, na Naivasha inastahili sifa ya kweli.

Sasa tazama ni nani anayemla kamba huyu. Samaki aitwaye bass, wa Kimarekani, aliletwa ziwani humu mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa ndoano. Miaka 41 baadaye akaletewa kamba wa kwao, na watafiti waliopasua matumbo ya bass wakubwa wakakuta humo kamba kwa wingi. Samaki na windo lake, wote wa kutoka Amerika, wakakutana tena katika Bonde la Ufa! Kisha wakaja wenyeji kudai sehemu yao. Korongo husimama kwenye maji mafupi bila kutikisika, mpaka shingo inapochomoka na kutoka na kitu chekundu. Fisi maji huacha magamba na vipande vya magando juu ya mawe, na mimi hupenda kuvitafuta vipande hivyo mapema, kabla jua halijakausha umande, kwa sababu ndivyo vinavyokuonyesha alipopita mnyama ambaye ni nadra kumwona.

Wavuvi wa nyavu hawana mapenzi hayo. Kamba hunasa kwenye nyavu, hukata nyuzi, na humtafuna samaki aliyekwisha kunaswa. Waulize pale ufukoni Kamere, watakuonyesha matundu. Waulize pia kabla ya kuvua viatu: penye mafunjo pana kiboko, na kiboko wa Naivasha ameua watu. Tangu maji yalipopanda mwaka 2020 na kuzifunika nyumba za mtaa wa Kihoto, migunga mingi imekufa ikiwa imesimama majini. Katikati ya mashina hayo makavu mwendesha boti mzoefu atazima injini akuache usikilize: mnandi wanakoroma, furukombe anaita, na chini yenu, kwenye tope la nyasi zilizozama, jike la kamba limebeba mayai chini ya mkia, mamia kwa mamia. Hata yakianguliwa, watoto hubaki wamemng'ang'ania mama hadi wapate nguvu ya kujitegemea.

Mezani ni mtamu. Huchemshwa katika maji ya chumvi, mkia unanyongwa na kuvutwa, utumbo mweusi unatolewa, kisha nyama inakaangwa kwa kitunguu saumu, pilipili na dania. Nyama ni kidogo kwa kila mmoja, kwa hiyo agiza sahani kubwa. Pale Ziwa Bunyonyi nchini Uganda, alikopelekwa pia, amekuwa chakula cha kujivunia mbele ya wageni. Naivasha bado wengi wa wenyeji humwacha kwa mahoteli, na hilo naliona kuwa hasara.

Hata hivyo kuna mahali ambapo simtaki. Ukifuata Malewa kuelekea vyanzo vyake, ambako maji yanapita juu ya mawe chini ya kivuli, yuko kaa wa asili, wa kahawia, mpole kwa umbo, aliyekuwa mtoni humo kabla ya sisi sote. Kamba amekuwa akipanda mto, na anapofika, kaa hutoweka. Kamba ana uwezo wa kutembea nchi kavu usiku wenye unyevu, lakini safari zake ndefu amefanyiwa na binadamu, kwenye ndoo, kwa nia njema. Basi njoo Naivasha, iname umtazame, umle ushibe. Ila usimbebe akiwa hai hadi bwawa la shambani kwako wala kijito cha kwenu.