Klia haitaki haraka

Wasomaji wangu, leo sitaandika juu ya programu. Nataka niwasimulie kuhusu gari lenye urefu wa sentimita 17 hivi, ambalo limenifunza subira kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kuigusa.

Baadhi yenu mnajua kwamba nikitoka kazini hukaa mezani nikiunganisha magari madogo ya plastiki. Hili ni Datsun 240Z, mizani ya 1 kwa 24, jekundu lenye boneti nyeusi, kama lile ambalo Shekhar Mehta aliliendesha akashinda Safari Rally mwaka 1973. Baba yangu aliliona likipita Pasaka ile, akiwa kijana amesimama kando ya barabara, na habari zake nimezisikia tangu utotoni. Baadaye yeye mwenyewe akawa fundi wa rangi za magari hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka jana macho yake yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akampa tarehe ya upasuaji. Nikaapa gari litakuwa tayari kabla ya siku hiyo. Sababu sikumwambia mtu: niliogopa kwamba mambo yakienda vibaya, hataliona kamwe.

Sasa, klia kwa asiyeijua ni ile rangi isiyo na rangi, inayopulizwa juu ya rangi na stika ili gari ling'ae. Niliyotumia ni ya mkebe, aina ya laka. Laka hukauka kwa thina kutoka na kwenda zake hewani. Shida ni kwamba juu hutangulia kukauka, pakawa kama ngozi, na thina ya chini ikabaki imefungiwa. Ili itoke ni lazima ipenye unene wote, na ukizidisha unene mara mbili, muda wa kungoja huwa takribani mara nne. Mimi nilipiga matabaka matano mazito kwa jioni mbili. Tena ilikuwa Mei, masika. Thina ikitoka huipoza rangi, na unyevu wa hewa ukatua juu yake kama umande, klia ikaingia weupe. Nikangoja mchana mkavu, nikapuliza tabaka jepesi, weupe ukatoweka.

Siku ya nne nikaigusa kwa kidole: kavu. Nikachukua msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, 4000 na 6000, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Nikamalizia kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini. Gari likawa kioo! Nililala nikijisifu.

Wiki moja baadaye mng'aro ulikuwa umefifia. Klia ilikuwa bado inasinyaa, na kadiri ilivyoshuka ndivyo mikwaruzo ya msasa ilivyojitokeza. Nikampelekea Baba hivyo hivyo, siku nne kabla ya upasuaji.

"Shikamoo Baba. Nimekuletea Datsun yako."

"Marahaba mwanangu." Alilipokea kwa mikono miwili. Hakuhangaika kuliangalia, alilipeleka puani. "Lanuka thina. Umeisugua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi umesugua uji."

Ikabidi nimweleze kwa nini nilikimbilia tarehe ile. Alinyamaza kidogo, kisha akanirudishia gari. "Kaliweke likauke. Mimi sitaki kuonyeshwa nusu kazi. Nikirudi nitaliona."

Kazini kwetu tuna sheria: Ijumaa jioni hatuwapelekei wateja toleo jipya. Sheria hiyo nimeitetea mara nyingi mbele ya wakubwa. Lakini nyumbani nilijiwekea tarehe isiyohusiana kabisa na klia, nikaiacha iamue badala ya majaribio. Kipimo changu kilikuwa kidole, na kidole hugusa juu tu.

Kwa hiyo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikatengeneza kikaushio cha katoni, balbu, kipimajoto na saketi ndogo ya kuwasha na kuzima, joto likabaki kwenye nyuzi 40. Sikuthubutu kupandisha sana, maana plastiki hii ikizidiwa na joto hupinda. Kisha nikaanza kuipima bodi kila jioni kwa mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Thina inayotoka ina uzito, kwa hiyo uzito ukiendelea kushuka, kazi haijaisha. Nikaandika namba kwenye jedwali. Ulishuka, ukashuka kidogo zaidi, na kuanzia siku ya 16 ukasimama. Nikalinusa. Halikunuka kitu.

Ndipo nikabandika tepu kwenye kingo zote, kwa sababu kwenye kingo klia huwa nyembamba na msasa huila upesi. Nikaanza upya kwa namba 3000, taratibu. Safari hii mng'aro ulikaa.

Upasuaji ulienda salama. Baba hakuwa na haraka ya kuja. Alipokuja, alivua miwani meusi akasema daktari amempigia klia mpya. Nikampa gari. Alilisogeza chini ya taa, akaligeuza boneti, paa, kisha ubavu mmoja na wa pili. Nilikuwa nimesimama kama mtoto anayesubiri ripoti ya shule.

"Hapa," akasema, akionyesha kwa ukucha ukingo wa chini wa mlango wa kushoto. "Hapa umekula rangi."

Ni kweli. Kuna doa pale, dogo kama punje ya ufuta. Mimi mwenyewe nililiona kwa lenzi.

Sijawahi kukosolewa nikafurahi namna ile. Doa nimeliacha lilivyo, na gari liko kwake, juu ya redio. Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye programu.