Mjumbe wa Mlimani

Wahenga wetu walisema kwamba mjumbe hauawi. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kuwa methali hii humkinga mtu aliyetumwa, asije akaadhibiwe kwa habari aliyoibeba. Maana hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kadiri umri ulivyosonga tumetambua kwamba methali hii inamwekea wajibu hata yule anayepelekewa habari: yampasa amfungulie mjumbe mlango. Sisi tulipata kumfungia mjumbe mlango, na kisa hicho ndicho kilichotusukuma kuandika juu ya simu na mawimbi katika mkoa wetu wa Songwe.

Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao una nchi mbili ndani yake. Juu kuna nyanda za Mbozi zenye mibuni, milima ya Ileje, na mji wa Tunduma ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia. Chini, upande wa Kamsamba, kuna bonde la Ziwa Rukwa. Sehemu nyingi za Mbozi zimepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali uso wa Ziwa Rukwa uko kiasi cha mita 800 tu. Kati ya nchi hizo mbili umesimama ukuta wa Bonde la Ufa.

Mawimbi ya simu husafiri karibu sawa na mwanga wa kurunzi. Kilima kikisimama mbele yake, nyuma ya kilima huwa kivuli. Tena, simu za mfumo wa GSM, ambao ndio uliotangulia kuenea vijijini, kwa kawaida haziwezi kuhudumiwa na mnara ulio mbali kupita kilomita 35, hata pakiwa peupe kabisa. Ndiyo maana mtu aliye chini ya ukuta ule aweza kuwa jirani na mnara kwa hesabu ya kilomita, na bado ndugu zake wakaambiwa kwamba hapatikani.

Jambo la kutafuta mawimbi si geni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, tulipokuwa watoto, baba yetu alikuwa na redio ya betri. Alifunga waya mrefu wa shaba kwenye mti nje ya nyumba, akauingiza dirishani, ili aisikie vizuri Redio Tanzania Dar es Salaam. Ulipofika wakati wa matangazo ya vifo, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Jina la mtu wa kijiji chetu, au la ndugu yake aliye mbali, likitajwa, mmoja wetu alitumwa kukimbia kwenda kulifikisha, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Siku moja tulinung'unika kwamba nyumba iliyotajwa haikuwa na udugu nasi. Baba akasema, “Redio ni yangu, lakini habari ile ni yao.” Tulikwenda.

Sasa tukisimulie kisa chenyewe. Mwaka 2009 tulitumwa kikazi katika kijiji kimoja cha bondeni, chini kabisa ya ukuta. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa na umri wa miaka 15 nchini, kwani kampuni ya kwanza ilianza huduma mwaka 1994. Lakini kijiji kile kilikuwa katika kivuli. Wanakijiji walikuwa wamebuni utaratibu wao. Kila jioni kijana mmoja alipita nyumba kwa nyumba akikusanya simu katika mfuko wa kitambaa, kisha akapanda kilima chenye mawe mahali ambapo mtandao ulishika. Huko aliziwasha moja moja na kusubiri. Jumbe zilizoandikwa kijijini zikatoka, na zilizotumwa kutoka mbali zikaingia. Giza lilipokaribia alishuka na kumrudishia kila mtu simu yake bila kusoma kilichomo.

Jioni ya kwanza kijana yule alifika mlangoni petu. Akatuamkia, “Shikamoo mzee. Nimefuata simu.” Tukamjibu kwamba simu yetu ina mambo ya serikali, haipandi kilimani na mtu yeyote. Hakubishana. Jioni ya pili alikuja tena, nasi tukamjibu vilevile. Ukweli ni kwamba hapakuwa na siri yoyote ya serikali ndani yake. Tuliona haya kwamba mtumishi aliyevaa viatu vya ngozi amkabidhi simu yake mchunga ng'ombe.

Siku ya nne tulipanda ukuta kwa lori. Tulipofika juu, simu ililia mara nne mfululizo mfukoni. Ujumbe mfupi wa maandishi una tabia hiyo: usipomkuta mwenyewe, huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni kwa siku kadhaa, kama mgeni aliyeketi kizingitini. Zote zilitoka kwa mdogo wetu. “Kaka, mama anaumwa.” “Kaka, mama amelazwa, anakuulizia.” “Kaka, njoo.” Wa mwisho ulisema kwamba mazishi ni siku ile saa tisa alasiri. Tulifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, tukakuta udongo mbichi na watu wamekaa matangani. Hakuna aliyetulaumu, maana wote walidhani kosa ni la mtandao. Nasi tuliwaacha wadhani hivyo kwa miaka mingi.

Tangu hapo tumejifunza mengi juu ya kuusaidia mtandao dhaifu, nasi twapenda vijana wayajue. Bati la paa huyarudisha mawimbi, na ukuta mnene huyapunguza. Basi aliye ndani na asogee dirishani, upande ulioelekea mnara. Hatua mbili au tatu tu zaweza kuleta tofauti, kwa sababu mawimbi yanayogonga kuta na miamba hukutana, pengine yakaongezana, pengine yakauana. Ujumbe wa maandishi hupenya mahali ambapo mazungumzo hukatika. Katika basi, bodi la chuma ni kizuizi, hivyo ni afadhali kukaa karibu na kioo. Tena msafiri akumbuke kwamba simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi kuutafuta, na chaji huisha upesi. Huku Tunduma tuna shida nyingine: simu hunasa mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mtu akatozwa gharama za ugenini angali amekaa sebuleni kwake. Dawa yake ni kuichagulia simu mtandao wa nyumbani kwa mkono, isijichagulie yenyewe.

Kipo pia kiongeza mawimbi. Antena moja huwekwa juu ya paa, mashine hukuza mawimbi, na antena ya pili huyagawa ndani ya nyumba. Antena hizo zikikaribiana mno, mashine hujisikia yenyewe na kupiga kelele hewani, kama kipaza sauti kilichoelekezwa kwenye spika, ikawaharibia majirani mawasiliano. Kwa hiyo chombo hicho sharti kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Serikali nayo haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ijengwe hata mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Mwezi Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini ilitiwa saini Dodoma. Ni jambo jema, na twaomba kila kivuli kifikiwe.

Lakini mnara, hata uwe mrefu namna gani, hauwezi kuufungua mlango uliofungwa kwa kiburi. Katika kijiji kile njia ilikuwapo: kilima, mfuko wa kitambaa, na kijana mwaminifu. Watu waliokuwa na simu za bei ndogo kuliko yetu walipata habari za ndugu zao kila jioni. Sisi tulikosa.

Enyi wanafunzi, wengi wenu mnao mtandao mpaka kitandani. Jirani yenu mzee asiye na chaji, au asiyejua kusoma ujumbe, bado anahitaji mtu wa kumpandia kilima. Na ninyi walimu, mnapofundisha methali ya mjumbe, waambieni pia habari za yule kijana. Tulirudi bondeni miaka miwili baadaye kumtafuta, ili tumwombe radhi. Tuliambiwa amehama na ng'ombe wake. Tulipanda kilima peke yetu, tukasimama juu ya mawe yale, na simu ikashika.