Viota vya Njia ya Mombasa

Tulishuka kituo cha Syokimau baada ya alasiri, tumechoka kwa kukaa lakini tumechangamka, kwani wengi wetu tulikuwa hatujafika Nairobi tangu reli hii ilipofunguliwa mwaka 2017. Tulikwenda harusini. Binti wa jamaa zetu wa Pumwani alikuwa akiolewa, nasi wanawake sita wa mtaa mmoja wa Mombasa tulibeba halua, udi, na leso za kutosha kufungulia duka. Mwenyeji wetu alituma gari likatuchukua kwa Njia ya Mombasa, chini ya ile barabara ya kulipia iliyojengwa juu kwa nguzo, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Karibu na Uwanja wa Nyayo, mahali ambapo mtu huiacha njia kuu kwa Lusaka Road kuelekea Jogoo Road na mitaa ya Eastlands, foleni ilisimama. Hapo alikuwa akitungoja mjukuu wa mwenyeji, na mmoja wetu, ambaye sote humwita Shangazi, alishuka kumpisha aingie. Hakuwa na habari ya kilichokuwa juu yake. Kilimwangukia begani kitu cheupe, kizito, kikateremka mpaka kwenye ukingo wa buibui lake jipya. Tuliinua macho. Juu ya migunga ya kando ya njia walisimama korongo wakubwa wenye upara, mfuko wa ngozi ukining'inia shingoni kama wazee waliosahau kuvaa joho. Ndio wale ambao wengine huwaita kongoti. Kila mti ulikuwa na viota vya vijiti vilivyorundikwa ovyo, na ndani ya baadhi yake vichwa vya makinda vilichungulia.

Shangazi hakusema neno mpaka tulipofika Pumwani. Alilivua buibui, akalifua mara tatu, akatia wudhuu akaswali, ndipo akauliza: "Hivi, ndege wale wana kibali cha nani kukaa pale?"

Swali hilo lilitukalia siku zote nne za harusi.

Mtu wa pwani hawi mgeni kabisa Eastlands. Majengo ipo, Kaloleni ipo, Makadara ipo, na ukiyasikia majina hayo katika matatu wadhani uko kwenu. Kwenye vichochoro vya Pumwani, mmoja kati ya mitaa ya kale ya Waislamu wa Nairobi, adhana hukutana na kelele za Gikomba, na mabibi hukaa barazani wakichambua mchele wakisema Kiswahili ambacho hakijasahau kilikotoka. Nyumba ni finyu, watu ni wengi, na kila kipande cha ardhi kina anayekililia. Kwa hiyo tulipouliza habari za ndege, tulijibiwa na watu wanaojua maana ya kukosa mahali.

Mwenyeji wetu, mzee wa heshima, hakuwa na huruma nao. Njia ni ya watu, alisema. Kila asubuhi wafanyakazi hupita pale kwa miguu kwenda Industrial Area, na mtu hufika kazini nguo zimechafuka na harufu imemganda. Wauza magazeti na wachuuzi hufunika bidhaa zao kwa nailoni. Kwani kuondoa udhia njiani si sehemu ya imani? Barabara ya juu ilipojengwa miti mingi ilikatwa kando ya Njia ya Mombasa na Uhuru Highway, na kwake yeye iliyosalia ingefuata.

Mjukuu wake, msichana wa chuo, alimjibu kwa adabu lakini hakurudi nyuma. "Babu, wale wamefuata taka zetu."

Tukubali kwamba alisema kweli. Korongo huyu hula mizoga na masalio. Jaa la Dandora, lililoanzishwa mwaka 1975 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, lingali linapokea taka za jiji hadi leo, na ndege hawa hushinda humo bega kwa bega na akina mama wanaookota plastiki. Jiji lisilozoa uchafu wake limewaandalia karamu, kisha likawashangaa walipotafuta pa kulala. Ndege wenyewe hawana kosa. Mke hutaga mayai mawili au matatu, yakalaliwa kiasi cha siku 30, na makinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla hayajaruka. Hata weupe wa miguu yake ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili kupunguza joto. Shangazi alipoelezwa hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Syokimau.

Jambo moja lilituuma. Mwezi wa Novemba 2020, barabara hiyohiyo ilipokuwa ikijengwa, palikuwa na mkuyu wa miaka mingi huko Waiyaki Way, upande wa magharibi wa jiji, uliokuwa ukatwe. Watu wakalalamika, wakaandika, na Rais akaamuru uachwe. Ukaachwa, na magari yanapita. Mkuyu ule ulikuwa na wenyewe, kwa kuwa Wakikuyu huuheshimu tangu mababu. Migunga iliyokatwa ilikuwa na korongo tu, na korongo hana wa kumsemea. Hatusemi barabara isingejengwa. Sisi wenyewe tuliipita chini yake tukafika harusini mapema. Tunasema kwamba miezi minne na ushei ni muda mdogo katika ujenzi wa miaka, na kwamba mti wenye makinda unaweza kukatwa mwisho badala ya mwanzo, baada ya mingine kupandwa mbali na vichwa vya wapita njia.

Jioni ya kutia hina, bibi mmoja wa Pumwani alitusimulia kisa ambacho wengine wetu tulikisikia madrasa. Inasimuliwa kwamba Amr bin al-As, radhi za Allah ziwe juu yake, alipotaka kung'oa hema lake Misri ili jeshi liendelee na safari, alikuta njiwa ametaga juu yake. Akaamuru hema liachwe mpaka makinda yaruke. Jeshi likaenda, hema likabaki, na aliporudi mji ukajengwa hapo, ukaitwa Fustat, yaani hema. Mzee mwenyeji alisikiliza kutoka upande wa pili wa pazia, akakohoa. "Njiwa," alisema, "hakuwa akila jaani." Tulicheka sote, naye hakukosea: ni rahisi kumhurumia njiwa.

Siku ya tatu msichana alitupeleka Ruai, mashariki kabisa, kwenye mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji. Mabwawa ya Dandora, kama wataalamu wanavyoyaita, yamo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Tuliziba pua, kisha tukasahau kuziba. Kwenye kingo za matope walikuwa wakikimbia vitwitwi, ndugu za wale tunaowaona pwani maji yakipwa, waliotoka Ulaya na Asia. Na hapo ndipo tulipoona haya kidogo, maana tulikuwa tumewahukumu watu wa Nairobi siku tatu.

Kwetu pwani yuko kitwitwi mdogo asiyehama, anayetaga juu ya mchanga mtupu. Kiota chake ni kishimo tu, mayai yana rangi ya mchanga, naye huyafukia nusu. Gari likipita juu, dereva hata hatajua. Nasi tumewaacha vijana wetu wakimbize pikipiki na magari ufukweni siku za Idi, tukapiga picha. Huko Cape Hatteras, Marekani, jambo hilo lilifikishwa mahakamani: wavuvi na wenye magari walidai ufuo wa baba zao, watetezi wa ndege wakadai viota. Tangu mwaka 2012 mwenye gari huchukua kibali, na wakati wa kutaga sehemu zenye viota huzungushiwa kamba. Manung'uniko hayajaisha, lakini gari hupita kwingine na ndege huangua. Ufuo una nafasi hiyo ya kugawana. Njia ya Mombasa haina, na kwa hiyo kosa letu sisi tulio na nafasi ni kubwa zaidi.

Tulirudi Syokimau kwa njia ileile, bibi harusi akiwa ameshakwenda kwa mumewe na halua imekwisha. Foleni ilisimama tena pale Nyayo. Shangazi alifunga kioo chake, akainama kutazama juu, akahesabu kwa sauti: viota saba katika mti mmoja. Kisha akamwomba dereva asipige honi.