Kila Mtoto na Moyo Wake

Mwalimu huulizwa mambo mengi yasiyomo katika vitabu vyake. Moja hunirudia kila mwaka, hasa siku ya kugawa matokeo ya mitihani: «Mwalimu, mtoto wangu huyu ana nini? Mkubwa wake hakuwa hivi.» Mzazi mwingine hushusha sauti, akamtaja jirani, au shangazi, au macho mabaya ya watu. Naandika haya kwa ajili yao, kwani toka tabia ya mtu hadi ugonjwa wa akili kuna njia ndefu, nasi mara nyingi twairuka kwa hatua moja.

Lugha yetu haikosi majina ya tabia: mpole, mkali, mchangamfu, mnyamavu, mkaidi, msikivu, mwepesi wa machozi. Mwaka 1936 wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walichambua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakahesabu humo karibu maneno 18,000 ya kueleza jinsi mtu alivyo. Zamani sana Galen, mganga wa Kigiriki wa karne ya 2, alisema kwamba tabia hutokana na maji manne ya mwilini: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Seminarini tuliposikia habari hiyo tulichekana siku nzima, kila mmoja akimtafutia mwenziwe nyongo yake. Leo hakuna daktari anayeishika. Wataalamu wa siku hizi hupanga tabia katika mafungu matano makubwa: kupenda mambo mapya, bidii pamoja na utaratibu, kupenda kuwa kati ya watu, upole wa kupatana na wengine, na wepesi wa kuingiwa na hofu, hasira au huzuni. Mafungu hayo si masanduku ya kumfungia mtu. Ni kama kimo cha mwili: kila mmoja ana kiasi chake, na walio wengi wamo katikati.

Mimi nina mabinti wawili, waliozaliwa na mama mmoja, wakala katika sahani moja. Wa kwanza akiangusha kikombe hulia kabla hajaulizwa, na usiku huamka kutazama kama mlango umefungwa. Mdogo wake alivunja sahani tatu kwa siku moja, jioni akauliza kwa sauti kuu chakula kitaiva lini. Nani aliwafundisha? Wenye elimu wamelinganisha mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wasiofanana hivyo, wakaona kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia baina ya watu yatokana na urithi wa damu. Nusu nyingine yatokana na maisha yenyewe: malezi, marafiki, magonjwa, vita, mambo tusiyoweza kuyahesabu. Kwa hiyo mama wa mtoto mwoga asilaumiwe kana kwamba alimlea vibaya, wala mama wa mtoto jasiri asijisifu mno.

Kila tabia ina faida yake na gharama yake. Mtu wa bidii na utaratibu hunywa dawa kwa saa iliyoagizwa, hulipa deni, na kwa kawaida huishi miaka mingi zaidi. Lakini mwambie apumzike siku moja, utaona taabu yake. Mchangamfu hupata marafiki upesi, na marafiki ni ngao katika siku za msiba. Aliye mwepesi wa hofu na huzuni ndiye aliye karibu zaidi na hatari ya magonjwa ya moyo uliovunjika na wasiwasi usiokoma. Yu karibu, nimesema. Sikusema amekwisha kuwa mgonjwa. Huyo pia ndiye anayesikia mtoto akikohoa usiku wakati wengine wote wanakoroma.

Tumtazame mtu ambaye twamjua sote kwa picha yake kanisani, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu. Alizaliwa Ufaransa tarehe 2 Januari 1873. Alipokuwa bado mdogo, mama yake, Zélie, aliandika katika barua zake jinsi mtoto huyo alivyokuwa mchangamfu na mkaidi kupita kiasi. Mama alifariki mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka minne na nusu. Tangu hapo alibadilika: akawa mwoga wa watu, mwenye machozi, na akisha kulia aliweza kulia tena kwa sababu amelia. Mwaka 1885 akapatwa na wasiwasi wa dhamiri, yaani kuona dhambi hata katika wazo dogo lililopita tu kichwani. Taabu hiyo ilidumu karibu mwaka mmoja na nusu. Dada yake mkubwa, Marie, alimsikiliza kila siku bila kuchoka. Marie alipoingia utawani mwaka 1886, mtoto aliwaomba wadogo wanne wa ukoo wake waliokufa wangali watoto wamwombee, akapata amani.

Noeli ya mwaka huo, baada ya Misa ya usiku, alimsikia baba yake akisema kwa uchovu kwamba zawadi hizi za kitoto ziwe za mwisho. Siku nyingine angalilia mpaka asubuhi. Safari hii aliyazuia machozi, akashuka ngazi, akafungua zawadi kwa kicheko mbele ya baba yake. Yeye mwenyewe aliiita neema, nami naamini. Lakini tusidhani kwamba alipewa moyo wa mtu mwingine. Baadaye, akiwa mtawa wa Karmeli, mtawa mmoja nyuma yake alikuwa na mazoea ya kufanya kelele ndogo wakati wa sala, na Teresia alitoka jasho kwa kuzuia hasira! Akaamua kuisikiliza kelele ile kama muziki wa kumtolea Mungu. Silika ilibaki, alichopata ni njia ya kuishi nayo.

Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Aliandika neno, akalifuta, akaliandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Alikwenda kuungama mara tatu kwa juma, na padri wetu, mzee mwenye busara, alimkataza kuja zaidi ya mara moja. Baba alisema ni uvivu. Shangazi alisema ni pepo, na fedha za kumlipa mwaguzi zilikuwa zimekwisha changwa. Nilikaa na baba yule jioni mbili. Ya kwanza haikufaa kitu. Ya pili nilimwonyesha daftari lenyewe, ukurasa kwa ukurasa, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Mvivu hafanyi kazi hii.» Fedha zile zikawa nauli ya kwenda kwa daktari. Huko walimpa dawa, wakamzoeza kidogo kidogo kuliacha kosa bila kulifuta, kwanza kwa dakika chache, baadaye kwa siku nzima. Leo bado ni mtu wa kuhangaika, lakini analala usiku.

Tena msifikiri kwamba jamaa takatifu hazipatwi. Louis Martin, baba yake Teresia, alipatwa na maradhi ya ubongo, na mwezi Februari 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Watu wa Lisieux walinong'ona kwamba mabinti ndio waliomletea ugonjwa kwa kuingia utawani. Maneno kama hayo twayajua hata huku kwetu. Tarehe 18 Oktoba 2015 mgonjwa huyo, pamoja na mkewe, alitangazwa mtakatifu.

Huku kwetu, Bukavu, watawa waitwao Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent mwaka 1807, wanatunza wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sosame. Mtu mwenye huzuni ya asili si lazima apelekwe huko. Lakini mtu akipitisha majuma mawili mfululizo bila furaha katika jambo lolote, bila usingizi, bila hamu ya chakula, au akianza kusema kwamba afadhali asingekuwapo, hapo si tabia tena. Msimwache peke yake, msimwambie ajikaze, wala msingoje mavuno yaishe.

Teresia mwenyewe, alipokuwa akifa kwa kifua kikuu mwaka 1897, aliwaonya watawa wenzake wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali, kwa maana yeye alijua jinsi mtu anavyoweza kujaribiwa. Niliposoma habari hiyo niliondoka mezani, nikaichukua chupa ya dawa ya wadudu iliyokuwa dirishani jikoni, nikaifungia sandukuni. Ufunguo anao mke wangu.