Kilimia juu ya Kielder

Novemba iliyopita baba aliniuliza kwenye simu, "Hivi huko kwenu Kilimia mnakiona?" Nikamjibu kuwa huku hakuna nyota, kuna mawingu na taa za barabarani. Sikusema uongo sana. Nipo Newcastle mwaka wa saba sasa, zamu zangu nyingi ni za usiku, na nikitoka wodini asubuhi ninachotafuta ni basi tu. Lakini swali lilinikaa. Baba alikuwa mvuvi Kigombe, kusini mwa Tanga, na nilipokuwa mdogo tulikaa ufukweni akinionyesha. Mwanangu ana miaka minane na hajawahi kukiona Kilimia hata siku moja.

Nikaanza kutafuta programu ya nyota. Ya kwanza niliyoweka kwenye simu ilinipa siku chache za bure kisha ikadai kadi ya benki, na kila nilipogusa nyota lilitokea tangazo. Nikaifuta. Mwenzangu wa kazini akanielekeza Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau. Ile ya kompyuta ni bure kabisa, na ukishaipakua haikudai intaneti. Unabonyeza F6 kuchagua mahali, F5 kupanga tarehe na saa.

Niliweka Tanga, Januari, saa tatu usiku. Kilimia hicho, juu upande wa kaskazini, palepale nilipozoea kukitazama bahari ikiwa mkono wangu wa kulia. Kisha nikaweka Newcastle. Kikahamia kusini! Kumbe kinapita katikati yetu: wao wakikitazama wanaelekea kwetu, na sisi tukikitazama tunaelekea kwao. Mwanangu akabonyeza G, ardhi ikaondoka kwenye kioo, tukauona Msalaba wa Kusini uko chini ya miguu yetu. Huku haupandi kamwe. Na ile Nyota ya Kaskazini ambayo Kigombe haionekani kabisa, huku iko juu ya mapaa mwaka mzima.

Mjini tuliambulia nyota chache mno, kwa hiyo tukaenda Kielder, yapata saa moja na nusu kwa gari, karibu na mpaka wa Uskoti. Msitu huo na hifadhi ya taifa ya Northumberland, jumla karibu kilomita za mraba 1,500, tangu 2013 vinatambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza. Chagueni siku zisizo na mbalamwezi, programu itawaonyesha. Pakueni kila kitu nyumbani, maana mtandao wa simu kule ni wa kubahatisha. Vaeni soksi mbili na mbebe chupa ya chai. Kompyuta iwekeni kwenye rangi nyekundu ya usiku, la sivyo macho yaliyochukua nusu saa kuzoea giza yanaharibika kwa mwanga wa sekunde moja.

Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mvua. Wa tatu, saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanangu alitoka mlangoni akanyamaza kabisa, na huyo si mtoto wa kunyamaza. Kilimia kilikuwa juu, kusini mashariki. Nuru yake imesafiri kiasi cha miaka 440. Ilipoanza safari, Wareno walikuwa bado hawajaanza kujenga Ngome ya Mombasa. Tukapiga simu kwa Wi-Fi ya kijumba tulichokodi. Kigombe ilikuwa saa tatu na nusu, kaka yangu amemtoa baba uani.

"Shikamoo Babu! Nakiona! Nimehesabu sita."

"Marahaba mjukuu wangu. Sita, naam."

"Wewe unaona ngapi?"

Kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Mimi siku hizi sioni hata moja, mjukuu wangu. Najua kilipo tu."

Kila wiki nampigia baba, namuuliza presha, namuuliza sukari, kama vile nipo kazini. Macho ameniambia mazima, nami sikuwahi kumwambia anisomee chochote. Kaka aliponyang'anya simu ndipo nikasikia kuwa mzee akienda msikitini alfajiri anapapasa ukuta, na taa za pikipiki zinamchoma. Nashuku mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni mfupi, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nimewaandaa wazee wengi wa Kiingereza kwa upasuaji huo.

Baba anaogopa kisu. Tumebembelezana wiki tatu, mimi na kaka kwa zamu. Juzi mwanangu akaomba simu, akamwambia atarudi Kielder mwezi ujao na anataka kuhesabu pamoja naye. Mzee akacheka. Amekubali kwenda kliniki ya macho Jumanne, ila amenionya: ni kupimwa tu, hayo mengine tutazungumza.