Anasema Mama Yake Anaitwa Mama

Sabasaba, Barabara ya Kilwa, tarehe 7 Julai yenyewe, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Aliyewahi kuingia pale siku hiyo anajua: hutembei, unasukumwa. Binti yangu ana miaka minne. Simu ikaita, mhariri, nami nikamwachia mkono nitafute kalamu kwenye mkoba. Nilipogeuka, pale aliposimama palikuwa na mzee anajaribu miwani.

Anayetafuta mtoto haangalii nyuso, anaangalia kimo. Kila kilichonifika kiunoni kilikuwa yeye. Alivaa gauni la njano, na sikujua kama Dar ina magauni ya njano mengi kiasi kile. Niseme na la aibu: dakika za mwanzo sikupiga kelele. Mimi ninayewauliza mawaziri maswali bila kupepesa macho, niliogopa watu waseme mama gani huyu. Nilipita katikati yao nikiita kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta paka.

Kisha kipaza sauti: kuna mtoto wa kike, gauni la njano, anasema mama yake anaitwa Mama. Watu wakacheka. Nikakimbia.

Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, anatafuna muhogo. Dada muuza mihogo ndiye aliyemwona analia akamleta, biashara yake kaiachia jirani. Nikanyoosha mikono. Hakunipa.

"Huyu nani?" akamuuliza mtoto.

"Mama."

"Anaitwa nani?"

"Mama."

Nikafungua simu, nikamwonesha picha, moja, mbili, tano. Alizitazama zote, taratibu, ndipo akasogea. "Usinichukie, mdogo wangu," akasema. "Mfundishe jina lako."

Jina langu. Nyumbani kwetu nani analitaja? Mume wangu ananiita Mama Zuhura, majirani hivyohivyo, hata mangi wa dukani. Mwanangu angelisikia wapi?

Kwenye daladala nilimfundisha jina na namba ya simu. Namba aliimba mpaka Mbagala. Jina alilikataa: "Hapana, wewe Mama."

Baba yake sikumwambia. Tulipokuwa tunakula, Zuhura akaanza mwenyewe: "Baba, leo mama alipotea." Akacheka, akauliza, "Akapatikana?"

Nikamwongezea mchuzi. Akisoma hapa ndipo atajua.