Kabla hujanunua kiwanja Ujiji, liulize tope!

MPENZI msomaji, wiki hii nakupeleka mwisho wa reli, Kigoma. Ukishuka tu stesheni, Ziwa Tanganyika hilo hapo, la buluu, limetulia utadhani halijui kitu. Kumbe linajua mengi!

Safari yangu haikuwa ya kustarehe tu. Mshikaji mmoja alinipigia simu kwamba kuna kiwanja upande wa Ujiji, karibu kabisa na maji, bei ya kutupa. Nami na vijisenti vyangu vya miaka minne, mbio! Nilishajiona nimekaa barazani, upepo unanipiga, mgebuka wa kuchoma uko mezani.

Nilifikia kwa shangazi. Baada ya shikamoo na ugali wa muhogo kwa dagaa wa mawese, nikamwaga habari ya kiwanja. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanangu, hapo unapopataka, mwaka 2021 palikuwa maji. Nenda kwanza kwenye mwembe, ukirudi tuongee."

Mwembe wenyewe ni wa pale makumbusho, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Nikasimama kivulini, nikatazama: ziwa liko mbali, kulifikia lazima utembee. Enzi zile maji yalikuwa karibu zaidi. Tena Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta yamepanda hadi kufunika sehemu ya soko!

Sababu ni kwamba ziwa zima lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga, ng'ambo huko Kongo. Wakati ule mlango ulikuwa umezibwa na tope na majani. Mnamo 1878 kizuizi kikaachia, na ndani ya miaka michache ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Mita 10 bwana, ghorofa tatu hizo! Mvua kubwa zilizoanza 1961 zikalipandisha tena hadi 1964. Mwaka 2021 na 2024 likapanda kwa kishindo, watu wa mwambao wakahama makwao.

Basi jioni nikakaa na kijana mmoja wa boti pale Kibirizi, aliyewahi kuwapeleka watafiti katikati ya ziwa. Akanipa somo ambalo shuleni sikulipata.

Kwingine duniani, wataalamu wanaotaka kujua mvua za kale huingia mapangoni. Hukata yale mawe yanayokua tone kwa tone, kama yaliyoko Amboni kule Tanga, wakayasoma tabaka kwa tabaka. Hapa Kigoma kitabu chenyewe ni tope. Bomba zito hushushwa kwa kamba, likazama kwenye sakafu ya ziwa na kuvutwa juu likiwa limejaa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mdudu wala konokono wa kulivuruga tope. Kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, huanguka tabaka jeupe la magamba ya vijimea vya majini. Wakati wa mvua linafuata jeusi, la udongo wa milimani. Mwaka baada ya mwaka, kurasa zinajipanga zenyewe. Hata mafuta ya vijidudu yaliyobaki mle ndani yanaeleza maji yalikuwa na joto gani!

Na wamesoma nini? Kwamba miaka 20,000 iliyopita ukame ulilishusha ziwa kwa zaidi ya mita 200. Na mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walitoa habari nzito: joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halikuwahi kufikiwa katika miaka 1,500 iliyotangulia.

Usidhani hilo halikuhusu wewe unayekula dagaa Kariakoo. Maji ya juu yakipata joto, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki na ya chini yenye rutuba. Vijimea vinapungua, dagaa naye anakosa chakula. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha, kwa tope hilohilo, kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza miaka ya 1950. Nyavu nazo zina lawama yake, lakini haziko peke yake.

Asubuhi nikaenda kwa muuzaji. Akapiga hatua kutoka kwenye maji: moja, mbili, mpaka 60. "Sheria inataka mita 60, bosi. Umeona? Uko salama!"

Nikamwuliza swali moja tu: "Mita 60 kutoka maji ya mwaka gani?"

Jamaa akatazama ziwa, akanitazama mimi, akapunguza bei. Ndipo nikajua jibu!

Vijisenti nimerudi navyo Dar, pamoja na kiroba cha dagaa. Shangazi kaniahidi kunitafutia kiwanja kule juu, jirani na msikiti. Maji nitayaona kwa mbali, lakini nitalala.

Tukutane wiki ijayo.